Amplifaya ya Harusi ya Shangazi

Jamani, mtu anaolewa na miaka yake sitini na mbili na mtaa mzima haukai! Shangazi yake Bi Waya aliamka akiimba, akaoga akiimba, akasukwa nywele akiimba mpaka msusi akamwomba apumzike. "Ukumbini naingia nikicheza," alitangaza. "Muziki usipopigwa, siingii!" Umeme wa ukumbi ulikuwa umekatika, lakini si neno, ilikuwepo amplifaya ya kutumia betri ya gari, na Bi Waya, ambaye ni fundi redio, aliikagua jana yake kwa mkono wake.

Bi Waya mwenyewe hakuwa na amani. Shangazi ndiye aliyemlea, na juzi alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, mimi nimependa, sioni tena. Wewe una macho. Ukimwona mwanaume huyu ana kasoro, niambie, hata tukiwa mlangoni. Nitarudi nyumbani na wewe." Tangu siku hiyo Bi Waya alimchunguza bwana harusi mtarajiwa, dereva mstaafu, nje ndani, asipate la kusema, zuri wala baya.

Sasa saa saba mchana, zimebaki saa mbili, Bi Waya kashavaa gauni lake la sherehe, mlango wa karakana yake ukagongwa. Nani? Bwana harusi! Suti ya kijivu, ua kifuani, amplifaya kaikumbatia inatoa moshi.

Ngoja niwaambie kitu kuhusu kazi hii. Kifaa kilichogeuziwa nyaya, ya chanya ikafungwa kwenye hasi, fundi hukitambua kwa harufu kabla hajagusa bisibisi. Lakini mteja wa kukiri? Thubutu! Miaka ishirini Bi Waya anasikia wimbo ule ule: "Sijui, fundi, imejizimia tu yenyewe." Yenyewe! Utadhani redio imechoka na dunia.

"Imekuwaje?" akauliza, akisubiri uongo wake.

"Nimegeuza nyaya," akasema bwana harusi. "Nyekundu nimeifunga kwenye hasi. Hakuna wa kumsingizia, nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nafunga huku nacheza."

"Unacheza?"

"Mazoezi, mama. Shangazi yako ana kasi, ataniacha mlangoni."

Bi Waya alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akafungua skrubu. Fyuzi imekatika, kapasita moja, kile kikopo cha kuhifadhi chaji, imevimba, na kidude cheusi kilichokaa pale betri inapoingilia kimepasuka katikati. "Hii dayodi ndiyo mlinzi," akamwambia. "Ukigeuza nyaya inaubeba moto yenyewe, fyuzi inakatika, wengine wanapona. Kama wamepona."

Akawasha pasi ya kulehemu. Bwana harusi akavua koti, akamshikia tochi, mwanga unayumba huku na huko.

"Mzee, unanimulika pua!"

"Samahani, mama. Samahani sana."

Dayodi mpya, kapasita mpya, fyuzi mpya. Lakini hakuunga betri moja kwa moja. Aliweka kwanza balbu ya taa ya gari katikati ya njia ya umeme. "Ikiwaka ikaendelea kung'aa, ndani bado kuna hitilafu, na muziki hakuna. Ikiwaka ikafifia, tumepona."

Akagusisha waya. Balbu ikawaka, kali! Mzee wa watu akafumba macho, midomo inacheza. Halafu mwanga ukanywea polepole, ukabaki mwekundu hafifu, na spika ikakohoa. Bi Waya akaondoa balbu, akaunga betri, muziki ukaijaza karakana mpaka makopo ya skrubu yakaruka rafuni. Lo, walirukaruka wale wawili! Walikanyagana, wakagonga meza, wakaanza upya.

Simu ikaita. Shangazi.

"Mwanangu, mume wangu kapotelea wapi?"

"Yuko kwangu, ameleta amplifaya. Aliiunguza, nimeshaitengeneza."

Shangazi akashusha sauti. "Basi niambie. Kasoro umeiona?"

Bi Waya akamtazama yule mzee, jasho linamchuruzika, anahesabu hatua kwa sauti na bado anakosea. Roho ikamjaa furaha, na wivu kidogo pia, maana leo nyumba yao itabaki bila sauti ya shangazi.

"Nimeiona," akasema. "Kucheza hajui, na ukimpa waya anaunguza. Ila akiunguza anakwambia."

Upande wa pili shangazi alivuta makamasi, akacheka, akavuta tena.

"Basi mlete," akasema. "Mlete upesi, nimeshasimama mlangoni."