Nilijenga chemchemi Busiu, mama mkwe wangu akaendelea kunywa maji ya bwawa

Wakuu, heshima kwenu nyote mliopo humu.

Naona mnabishana kuhusu miradi ya maji ya misaada, kwamba inajengwa vizuri halafu watu wanarudi kunywa maji machafu. Kila anayechangia analaumu wanakijiji. Nimeshindwa kunyamaza. Haya yalinikuta mwenyewe, na sina sababu ya kuongeza chumvi, maana yalivyo tu yanatosha kuchekesha.

Mimi ni Mnubi wa Jinja, mzaliwa wa Kimaka. Babu alikuja na jeshi kutoka Sudani, na kwetu lugha ya wanajeshi ni Kiswahili, kwa hiyo nimekua nacho. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, sisi Wanubi tuliohesabiwa watu wake tulikimbilia Kenya, nikakaa Bungoma, nikajifunza uashi.

Huko ndiko nilimpata Mariamu, Mgisu kutoka upande wa Busiu, naye mkimbizi kama mimi. Mambo yalipotulia tukarudi, tukapanga chumba Malukhu, pale Mbale mjini. Binti yetu Zaina tulimpeleka akae kijijini kwa bibi yake, kwa sababu mjini maisha yalikuwa bado magumu.

Sasa muelewe hali ilivyokuwa. Pampu ya pale trading centre, penye maduka, iling'olewa wakati wa vita, likabaki bomba limesimama peke yake, mbuzi wanajikuna.

Kijijini kwa kina Mariamu kulikuwa na chemchemi nzuri sana, lakini iko wazi. Ng'ombe wanakunywa humo, watu wanafua humo, mvua ikinyesha kila uchafu wa mlimani unashukia humo. Watoto wanaharisha kila masika na watu wameshazoea.

Shirika moja la misaada likaleta saruji. Kamati ya kijiji ikakaa kutafuta fundi. Wakasema fundi mgeni ataiba saruji, bora tumchukue mkwe wetu, huyo hawezi kutuibia, atauficha wapi uso wake? Nikapewa kazi.

Kosa lilianzia hapo, na hakuna aliyeliona. Si kamati, si mimi.

Nilifika na buti za jeshi nilizonunua mitumbani. Nikakuta akina mama wanachota maji, nikawasalimia kwa Kiswahili changu kilichonyooka. Wakuu, majerikeni yalirushwa. Wote migombani. Miaka ile ukisikia Kiswahili na buti, unajua ni nini kimekuja.

Alibaki mmoja, mguu unamsumbua. Akainua mikono.

"Afande, sisi hapana na kitu. Kuku ilikwisha yote."

"Mama, mimi si afande," nikamwambia. "Mimi ni mkwe. Bwana wa Mariamu."

Kusikia hivyo, naye akakimbia. Na mguu wake huo mbovu.

Kumbe ni dada wa mama mkwe wangu. Kwa wasiojua, kule mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Mkikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Na dada zake mama mkwe ni mama wakwe vilevile. Mwanajeshi aliweza kumwinulia mikono. Mkwe, hapana.

Nilicheka siku hiyo. Sikujua nacheka shida yangu mwenyewe.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Tulichimba mpaka kwenye jicho la maji, tukapanga mawe, tukashindilia udongo wa mfinyanzi, tukajenga ukuta wa mbele na kutoa bomba. Juu tukachimba mtaro wa kupitisha maji ya mvua pembeni, tukazungushia uzio ng'ombe wasifike. Maji yakatoka meupe, baridi, mchana na usiku. Watu walicheza ngoma pale.

Shirika likanibakiza kijijini niwe mwangalizi. Kila saa ya swala nilikuwa pale natawadha, najisikia kama mwenye nchi.

Halafu Zaina akaanza kuharisha.

Si mchezo, wakuu. Mtoto alilegea, macho yakaingia ndani. Nilimbeba mgongoni mpaka kliniki ya Busiu, nikakaa namnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ile tunavuka mpaka. Alhamdulillah, kesho yake jioni aliomba ndizi.

Alipopata nguvu nikamuuliza, wewe na bibi mnachota maji wapi?

"Kule chini, kwa bwawa. Ng'ombe nakunywa, halafu bibi naweka kitambaa kwa mdomo ya jerikeni, nateka."

Damu ilichemka. Mimi nimechubuka mikono kwa saruji, kijiji kizima kinakunywa maji safi, na mtoto wangu ananyweshwa maji ya ng'ombe. Nilikwenda kwa mama mkwe mbio. Yeye kusikia sauti yangu akaingia ndani, akafunga mlango. Mimi nikabaki nje, nikauliza nikiutazama ukuta wa udongo.

Na yeye akanijibu akiwa ndani. Alinijibu vizuri sana.

"Wewe fundi. Asubuhi mimi nakuja teka maji, nakuta wewe naosha miguu. Mchana nakuja, wewe naosha miguu. Jioni, miguu. Mimi napita wapi? Dada yangu napita wapi? Wewe nafunga maji yetu na miguu yako, halafu nauliza mimi?"

Akaendelea. Alinisema kuhusu miguu, kuhusu buti, kuhusu mahari ambayo haikumfurahisha. Muda mrefu. Mimi naitikia tu, ndiyo mama, kweli mama.

Mariamu alikuwa amekuja kumwona mtoto. Alinikuta nimesimama pale nagombezwa na nyumba, akacheka mpaka akashika mti.

Katikati ya kugombezwa ndipo akili ikafunguka. Huyu mama hajawahi kuongea na mimi hata neno moja tangu nioe, na leo ameongea mpaka koo limemkauka, na mila haijavunjika. Kwa nini? Kwa sababu kuna ukuta kati yetu. Asilotaka ni kuniona tu.

Kesho yake nikaanza. Nikatoa bomba la pili, likaangalia upande wa migomba. Kati ya bomba na bomba nikajenga ukuta wa tofali kunipita kimo. Kila upande ukawa na ngazi zake na njia yake. Na mahali pa kutawadha nikapahamishia chini kabisa, mbali na wote.

Injinia wa shirika alikuja kukagua, akafungua mchoro wake, akauzunguka ule ukuta.

"Huu hauko kwenye plan. Ni wa nini?"

"Ni wa mama mkwe, bwana."

Naye Mgisu. Akatazama upande wa migomba, akatoa kalamu akauchora kwenye plan. Akasema hata kwao chemchemi inahitaji kitu kama hicho, na yeye mwenyewe humtuma mtoto kuchungulia kwanza kama mama mkwe yupo.

Somo langu ni hili. Kabla hujawalaumu watu kwa kukataa maji safi, uliza nani anakutana na nani pale bombani. Vipimo vya saruji nilivijua vyote. Swali hilo sikuliuliza, wala kamati haikuuliza, na gharama yake nusura iwe binti yangu.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu mkwe na mama mkwe wanapishana vipi kisimani? Na kama una mradi uliokataliwa, uweke hapa tuuchambue bila matusi.

Nimalizie na asubuhi ukuta ulipokauka. Nilikuwa najaza jerikeni upande wangu, nikasikia bomba la pili limebadilisha sauti, maji yanaangukia kwenye plastiki. Sikusogea. Jerikeni ikajaa. Kisha nikasikia mtu anakunywa kwa kiganja, taratibu, anameza.

"Wewe ukuta," sauti ikasema. "Ambia mkwe yangu, maji ni tamu."

Nikauambia ukuta umjibu, asante mama.

Mpaka leo uso wake siujui vizuri. Lakini nilimsikia akinywa.