Siku Daktari Alipokuja Kutazama Miguu

Watu wanaosema muuguzi wa shule hana kazi waje kwangu niwaambie. Enzi za Wabelgiji, kabla ya Victorine kufika, sisi wasichana wa shule ya serikali hapa Kindu tulitembea kwa visigino kama bata. Funza walitujaa vidoleni. Kiangazi kikifika, wengine walibaki nyumbani kabisa, maana njia ya shule ilikuwa mchanga mtupu na kila hatua iliuma.

Victorine alitoka Pangi, akafundishwa uuguzi na masista, akaolewa na mfanyakazi wa reli. Alipewa chumba kidogo kando ya darasa letu, na humo alikuwa na sindano, taa ya kuichomea, sabuni na chupa ya dawa nyekundu. Alikuwa mkali. Ukilia alikuambia, "Lia tu, lakini muguu usivute." Kisha alipiga magoti akakuosha mguu kana kwamba wewe ni wa tumbo lake. Jioni alizunguka nyumbani kwetu kuwaonyesha mama zetu namna ya kunyunyizia maji sakafu ya udongo na kuifagia vizuri. Mama yangu, Hawa, alimpenda kuliko ndugu zake wa damu.

Polepole, miguu ilivyopona, watoto wakaacha kwenda chumbani mwake, na balaa ikaanzia hapo. Daktari wa Kizungu aliyemsimamia aliona wagonjwa wanapungua, akamwita.

"Victorine, batoto hawakuji tena kwako. Walipona, ao wanakukimbia? Mimi sijui. Nitakuja kuangalia miguu yao. Kama funza iko, chumba nafunga, na weye utaenda Punia."

Punia, huko msituni! Mumewe hakuweza kuacha reli, na binti yao Adolphine alikuwa darasani mwetu. Victorine alikonda kwa hofu. Akapita kwa mama zetu kuwaomba jambo moja tu: "Mama, muwaoshe batoto miguu. Muganga mukubwa anakuja kuiangalia."

Sasa niambie, mwanamke wa Kiislamu wa Kindu akisikia mgeni mkubwa anakuja kutazama miguu ya binti yake, atamwosha tu na kumwacha hivyo? Aibu gani hiyo! Nyumba kwa nyumba hina ikatwangwa. Majirani Wakristo nao wakaomba. Mama alinipaka, akanifunga vitambaa, nikashinda nimekaa mkekani nikinyoosha miguu kama bibi harusi.

Kesho yake tulijipanga uani, miguu myekundu toka vidoleni hadi vifundoni, na maringo tele. Victorine alipotuona alijishika mdomo. Yeye wa Pangi, kusikopakwa hina, angejuaje?

Daktari akainama, akainuka, uso umemwiva. "Victorine! Umepakaa batoto yote dawa mwekundu?"

"Hapana, Muganga. Ni hina tu. Mama zao walitaka kukupa heshima."

"Heshima, ao kunificha vidonda?"

Akaagiza maji na sabuni. Tulisuguliwa mpaka tukachoka, na hina ikazidi kung'aa. Mpaka leo nikikumbuka nachukia: mama zetu wametupamba, yeye anatusugua kama masufuria! Lakini nilipomwona Victorine ameegemea ukuta, midomo imemkauka, hasira zikaniisha, nikaogopa kwa ajili yake.

Ndipo mwalimu Isidore, mtu asiyechelewesha kengele hata kwa gavana, akapiga ya mapumziko.

Tukatimka. Nani angengoja? Tulikimbia uwanja mzima kwa vidole, tukaruka kamba, tukasukumana, vumbi likapaa. Daktari alifuata mbio zetu kwa macho. Mwaka uliotangulia alitukuta kwenye uwanja huo huo tumekaa kivulini kama vizee. Akavua kofia yake.

"Wanakimbia," akasema. "Wote wanakimbia."

Si wote. Msichana mmoja, aliyekuwa amesimama mwisho kabisa wa mstari, alibaki nyuma akichechemea, kisigino chini, vidole juu. Miguu yake haikuwa na hina hata tone, na kidole kimoja kilikuwa kimevimba waziwazi.

"Huyu ni wa nani?"

"Wangu, Muganga," Victorine akajibu.

Daktari alimtazama mama, akamtazama mtoto, akaangua kicheko. "Unatoa funza ya batoto ya bengine, ya mutoto wako unasahau!" Akaketi ngazini, akaomba sindano, akamtoa Adolphine yule funza kwa mkono wake mwenyewe. Alipomaliza akasema, "Chumba kitabaki. Na weye utabaki."

Victorine alilia kwa sauti mbele yetu sote, wala hakuona haya. Nasi tukalia, kwa furaha tu.

Jioni ile mama zetu walikwenda kwake na bakuli la hina. Wakamkalisha mkekani pamoja na binti yake, wakawapaka wote wawili. Hina haijakauka, Victorine akataka kuinuka akapike.

"Kaa, dada," mama yangu akamwambia, akimfunga vitambaa. "Mwenye hina mubichi hatembei. Punia waende wengine."