Nyapara Mlangoni

Siku Mzee Enos Walubengo alipoletwa kwenye nyumba ya wazee ya kanisa, nje kidogo ya Kisumu, Nabalayo alimtambua kabla hajashushwa garini. Nabalayo ndiye aliyewahudumia pale wazee wenye ugonjwa wa kutetemeka, ule ambao daktari aliuita Parkinson. Mungu si Athumani, akajisemea, na moyo wake ukacheka.

Mwaka 1961 Enos alikuwa nyapara wa makuli kwenye ghala la pamba karibu na gati. Waliaula, mumewe Nabalayo, alimwambia kifua kinambana, akaomba ruhusa aende hospitali. Enos akamcheka mbele ya watu, akamtwika gunia, akapiga ukelele wake wa kazi: "Haaarambee!" Waliaula akajikaza, akainuka, akaanguka. Hakuamka tena. Nyapara hata matangani hakufika.

Miaka kumi na mitatu mama huyu alikuwa ameilisha chuki yake, na sasa ilimbidi amlishe Enos uji. Hakumtia sumu wala hakumfinya. Alikuwa mtu wa kanisa, na isitoshe Matroni Adero alikuwa na macho. Alingoja tu.

Kilichomtesa mzee zaidi ni miguu. Barazani alijikokota vizuri, lakini akifika mlangoni nyayo zilinata sakafuni kama zimepigiliwa misumari. Asubuhi moja, wakiwa wawili tu, hasira zikampanda Nabalayo.

"Si wewe ulikuwa unaita watu?" akamkebehi. "Haya! Haaarambee!"

Mguu ukainuka. Wa pili ukafuata. Mzee akavuka kizingiti kama kijana.

Alimjaribu tena siku nyingine, ikawa vile vile. Hakumwambia mtu. Kwa nini amwambie?

Ndipo Tom, mtoto wa Enos, akaja kutoka Kitale na pikapu ya kuazima.

"Matroni, kwetu choo iko mbali, na bibi yangu ni mjamzito, hawezi kubeba mtu," akasema. "Kama mzee anaweza kutembea mwenyewe mpaka kwa gari, leo tunaenda. Kama hawezi, wacha akae hapa."

Enos hakuwa na ombi jingine duniani ila kufia kwao. Akavaa koti, akajikokota hadi mlangoni. Akaganda.

Adero akamvuta mkono. Tom akambembeleza, "Baba, hatua moja tu." Mzee akageuza macho akimtafuta Nabalayo.

"Mama," akasema kwa sauti nyembamba. "Niitie."

"Anataka nini?" Tom akauliza.

"Sijui, bwana. Huyu huropoka tu."

Ilikuwa tamu, tusidanganyane. Tom akafuta macho, akawasha gari, akaenda zake. Adero akarudi kwa wagonjwa wengine.

Nabalayo akamsogelea mzee sikioni. "Mimi ni mke wa Waliaula. Unamkumbuka Waliaula?"

Kichwa kikatikisika, lakini kichwa kile kilitikisika siku zote.

"Haaarambee!" akaita.

Enos akatembea, safi kabisa, mpaka langoni. Barabara ilikuwa tupu. Nabalayo akamzunguka upesi mbele, amwone akiumia. Lakini ugonjwa ulikuwa umeukausha uso ule zamani, haukunjiki wala haucheki, na macho yalitazama tu.

Akamkamata mabega. "Lia, Enos! Lia nikuone!"

Alikuwa bado anamtikisa mzee, Adero alipotoka mbio kuwatenganisha.