Ndama wa Kunyweshwa kwa Mkono

Siku ile ya vizibo vya soda naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Nilikuwa mtoto, kwetu Unyambwa. Darasa zima lilishajua kusoma isipokuwa mimi, basi mwalimu akanibakisha, akapanga mezani vizibo alivyoviandika herufi, akanifundisha silabi peke yangu, polepole. Wenzangu wakachungulia dirishani wakacheka, kicheko kikafika Manyoni. Kesho yake nikaacha shule, nikashika fimbo nikafuata ng'ombe. Nikajiona mshindi.

Bibi akanikuta zizini nikimnywesha maziwa ndama aliyefiwa na mama yake.

"Huyu mbona unamlisha peke yake?"

"Hana nguvu, bibi. Wenzake watamsukuma."

"Na wenzake wanamcheka?"

"Ndama hacheki, bibi."

"Basi huyu ana akili kukushinda, ananywa. Wewe umepewa mkono wa kukunywesha, umeuuma."

Nikanuna. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika miaka ishirini. Barua za mchumba wangu alinisomea jirani. Kijiji kizima kilijua ninavyopendwa kabla yangu. Ndipo nikaingia shule ya usiku, nikakaa dawati la mtoto, magoti yakigusa masikio. Nilihitimu. Cheti nimekitundika juu ya picha ya harusi, na mke wangu ameshazoea.

Sasa mjukuu wangu Rehema yuko darasa la pili, na herufi zinamsumbua kama zilivyonisumbua. Shuleni kwao kuna kompyuta za kuwasaidia watoto wa namna hiyo. Yake inamtamkia silabi, inangoja, akikosea inarudia, na mwalimu yuko pembeni anatazama amekwama wapi. Nilikaa naye asubuhi nzima nikiivizia ile mashine ichoke. Haikuchoka wala haikuguna. Mimi nilisinzia mara mia.

Juzi mama yake, binti yangu Zuhura, akaja amekunja uso.

"Shikamoo baba. Rehema namtoa kwenye kompyuta. Sokoni wanaliita darasa la wajinga."

"Marahaba. Hamtoi mtu."

"Baba, wanatucheka."

"Kicheko kilinitoa mimi. Rehema hakimtoi."

Asubuhi nikamshika mkono mwenyewe, nikampitisha katikati ya soko, taratibu, halafu nikarudi naye tukapita tena, kwa wale ambao hawakutuona vizuri. Ndipo tukaenda shuleni.

Mwanangu, mtoto wako akichelewa kusoma, usimfiche. Kawia ufike. Mkono unaomnywesha, uwe wa mwalimu, wa bibi au wa kompyuta, usiuume kwa sababu ya midomo ya watu. Hao hawatakuwepo siku atakapohitaji kusoma barua yake mwenyewe. Yule ndama wangu, nikwambie, alizaa mpaka zizi likapasuka.

Mungu awafumbue watoto wako macho, na wewe akuzibe masikio kila watakapocheka.