Migongo Yetu kwa Jukwaa

Mwezi uliopita bendi moja ya muziki wa roki ilikuja kupiga katika uwanja mkubwa wa Bungoma, nami nikanunua tikiti mbili, moja yangu na moja ya dada yangu anayeishi Kachibora. Nilimpigia simu akasema ndiyo, atakuja. Asubuhi ya siku yenyewe nikampigia tena, akasema ndiyo, amalize tu kupanga vitu dukani. Ningepaswa kujua, maana tulilelewa nyumba moja na ndiyo ya nyumba ile naifahamu. Nilisubiri getini mpaka gitaa likaanza kulia huko ndani, kisha nikaingia peke yangu. Na hapa nakupa ruhusa unicheke, rafiki yangu: wimbo wa kwanza wote nilikuwa nimeligeukia geti, nimelipa jukwaa mgongo, na uwanja mzima unaruka. Kijana mmoja akanigusa bega akaniuliza kwa huruma, "Anti, uko sawa? Shoo iko upande ule."

Nilimwambia niko sawa. Wewe nitakueleza, kwa sababu wewe una muda.

Tulilelewa na nyanya yetu, Shosho, kwenye shamba la upande wa Kwanza, kule Trans-Nzoia. Yeye na marehemu mumewe walihama kutoka Mkoa wa Kati wakiwa vijana, wakanunua ardhi, wakapanda mahindi mpaka mlangoni. Wazazi wetu walikuwa Nairobi wakitafuta riziki, na sisi tuliachwa hapo pamoja na ng'ombe. Nikifumba macho bado nasikia githeri, mahindi kwa maharagwe, ikitokota kwenye sufuria kubwa, na harufu ya moshi na ya magunzi, na ule uchungu wa vidole baada ya kupukuchua mahindi mchana kutwa. Watu hupenda kusema utoto wao ulikuwa mtamu. Wangu ulikuwa na chakula cha kutosha, nami sitaki kuongeza sukari mahali ambapo haikuwekwa.

Shosho hakuwahi kutupiga. Watoto wa majirani walichapwa wakalia yakaisha, wakarudi kucheza, nasi tuliwaonea wivu. Yeye alikuwa na njia yake. Hakumnyima mtu kitu. Ukimwomba ruhusa ya kwenda kambi ya vijana wa kanisa kule Kimilili, alisema ndiyo, nendeni, mkimaliza hayo mahindi, na mahindi yenyewe yalikuwa yamefika dirishani. Mtu akija kuazima plau, alijibiwa ndiyo, njoo kesho, na kesho yake plau ilikuwa kwa fundi. "Kunyima ni dhambi," alituambia. "Mimi sijawahi kunyima mtu." Na kweli, hakuna aliyeweza kumshtaki. Wenyeji wa pale walijifunza kumsoma: ndiyo ya Shosho akiwa ameketi ilikuwa na matumaini kidogo, lakini akikwambia ndiyo huku anainuka kukusanya vyombo, basi wewe rudi kwako usahau.

Mwalimu wa muziki hakuwa mwenyeji. Alitumwa shule yetu kutoka Bungoma, kijana wa Kibukusu mwenye suruali pana na furaha nyingi, na alipomsikia dada yangu akiimba kwenye mstari wa asubuhi alisimama na chaki mkononi. Dada alikuwa darasa la saba. Siwezi kukueleza sauti ile vizuri. Alikuwa akianza wimbo pale kisimani, akina mama waliokuwa wakizozania zamu ya kuteka wananyamaza, na ndoo zinafurika. Mimi nilikuwa mdogo wake na nilimwonea wivu wa kuumwa tumbo, lakini hata mimi nilinyamaza.

Muhula ule ikaja habari kwamba bendi ya roki kutoka Nairobi ingepiga Kitale, kwenye uwanja ule mkubwa wa maonyesho ya kilimo, ambako kila mwaka mafahali huzungushwa mbele ya watazamaji. Walitaka kwaya ya watoto iimbe nao wimbo mmoja. Mwalimu akaandikisha shule yetu, na dada yangu akawekwa kuanzisha wimbo huo peke yake, bila gitaa wala ngoma, kisha bendi nzima imfuate. Bendi ilikuwa imeahidi kwamba mtoto watakayempenda watamlipia shule ya sekondari yenye walimu wa muziki. Dada hakulitaka jambo jingine lolote duniani. Kulikuwa na kikwazo kimoja tu, nacho kilikuwa kimevaa kitambaa kichwani na kinakamua ng'ombe.

Basi mwalimu akaja nyumbani kuomba ruhusa. Shosho alimwona akivuka shamba, akamkamata kuku mmoja aliyekuwa ameacha kutaga, akamchinja. Sasa hapo lazima nikueleze jambo. Jirani yetu alikuwa mama wa Kibukusu aliyetoka Kimilili, na siku moja zamani, wakinyonyoa kuku pamoja, alikuwa amemwambia Shosho mila za kwao, ambazo ni za akina mwalimu pia: kuku akichinjwa kwa ajili yako, umeheshimiwa, na ukipewa firigisi, wewe ndiye mkubwa wa meza ile, na uliyemwendea amekukubali kwa moyo wote. Shosho hakusahau kitu chochote alichoambiwa. Siku ile aliichagua firigisi kwa kijiko, akaiweka juu ya ugali wa mwalimu, akakaa kumtazama akila.

"Mama, huyu msichana ako na sauti, bana," mwalimu alisema akijilamba vidole. "Kitale yote itashangaa. Si umruhusu tu aende?"

"Mimi nitakataa aje, mwalimu?" Shosho akamjibu. "Ataenda. Hata mimi nitampeleka mwenyewe."

Alisema hayo akiwa anainuka na sahani. Dada aliona, mimi niliona. Mwalimu aliona firigisi. Aliondoka akipiga mluzi mpaka barabarani, na jirani alipopata habari akaja mbio kuuliza, "Ati umempea firigisi? Basi imeisha, mtoto anaenda." Shosho alikuwa akisugua sufuria. Alicheka kidogo.

Dada aliamua kuiamini firigisi. Ningekuwa mimi pia ningeiamini. Aliimba wiki zote zile akilisha ng'ombe, akifua, akipalilia, na Shosho hakumkatiza hata mara moja. Wakati mwingine aliacha jembe akasikiliza mpaka mwisho. Siku moja kabla ya tamasha alimsuka nywele mistari mizuri sana, akapiga gauni la shule pasi ya makaa. Mkono wake ulikuwa mpole. Nilimsikia dada akisema, "Asante, Shosho," na kweli alikuwa na furaha. Jambo hilo hunikasirisha kuliko mengine yote, zile nywele.

Asubuhi tulipoamka, mahindi mabichi yalikuwa yanachemka kwenye pipa. Shosho alitufungia beseni kubwa na magunia, akatupandisha kwenye trekta la jirani lililokuwa likienda mjini, akapanda na yeye. Uwanjani watu walikuwa wameshaanza kujaa. Jukwaa lilisimama upande wa mbali, na spika nyeusi zilizopangwa mpaka juu, na vijana wa bendi wakijaribu nyuzi. Shosho akachagua mahali kando ya ua, akatukalisha juu ya madebe, nyuso zetu zikielekea geti. Dada akauliza kama tunaweza kugeuka kidogo. "Mteja hutoka getini," Shosho akasema. "Hatoki jukwaani."

Mwalimu akatufikia mapema mchana, jasho likimtiririka, amekusanya kwaya yote isipokuwa mmoja. Shosho alimpa hindi la moto lililo na chumvi na pilipili. "Anakuja, mwalimu. Si amalize tu hii beseni." Mwalimu akamtazama dada, akatazama beseni, akaona si kazi kubwa. Alishukuru, akaondoka.

Basi dada yangu akauza. Alisimama akaita wateja kwa sauti ile ile, na watu wa Kitale, waliokuja kusikia roki, walikuja kununua mahindi kwa sababu ya msichana anayeita. Walimtania, wakamwambia arudie, wakanunua tena. Beseni likawa linashuka haraka. Na kila liliposhuka, Shosho aliingiza mkono kwenye gunia lililokuwa chini ya leso yake akaongeza, taratibu, akichagua yale manene, bila kusema neno. Mwalimu akarudi. "Ndiyo, mwalimu, saa hii tu." Akarudi mara nyingine akiwa anakaribia kulia, na bado hakuthubutu kuinua sauti mbele ya mwanamke aliyemlisha. "Mama, wanaanza." Shosho akamwambia, "Mimi nimekataza? Ndiyo huyu, anamaliza."

Nilimwona dada alipofahamu. Mkono wake ulikuwa ndani ya beseni, mkono wa Shosho ukaingia pia na mahindi mapya, mikono ikakutana hapo ndani. Dada akaacha kuita. Sauti yenyewe ilikuwa imekwaruza kufikia hapo, ameimalizia kwa wateja. Angeweza kukimbia, utaniambia. Mtoto wa nyumba ile hakukimbia mbele ya Shosho, hasa akiwa ameambiwa ndiyo. Ungekimbia ukisema umekatazwa nini?

Uwanja ukanyamaza. Kisha nyuma yetu, kwenye zile spika, ikasikika sauti nyembamba ya msichana wa darasa la sita ikianzisha wimbo wa dada yangu. Aliuanzisha chini mno, akatetemeka, akaendelea. Halafu gitaa likaingia, na ngoma, na ardhi ikatikisika mpaka madebe tuliyokalia yakalia. Hapo ndipo Shosho akalikung'uta beseni kuonyesha kwamba ni tupu.

"Limeisha," akasema. "Geuka basi utazame. Si ulitaka?"

Mimi niligeuka. Nitakwambia ukweli, ilikuwa nzuri kupita kiasi: moshi, taa mchana kweupe, kijana aliyechezesha gitaa akiwa amepiga magoti, maelfu ya mikono hewani. Niliruka mpaka viatu vikanitoka. Dada yangu hakugeuka. Alikaa vile vile akilitazama geti, nywele zake zikiwa safi, mpaka bendi ikamaliza nyimbo zake zote, na Shosho alikuwa kando yake akila hindi la mwisho.

Msichana wa darasa la sita ndiye aliyelipiwa shule. Yuko Eldoret siku hizi, anafundisha muziki, na nasikia anafundisha vizuri. Mwalimu alirudi darasani amenuna wiki nzima, lakini hasira yake alimwekea dada. "Wewe uliona mahindi ndiyo ya maana," alimwambia mbele ya wenzake. Nilimpelekea jirani malalamiko hayo, nikidhani yeye atakwenda kumweleza mwalimu ukweli. Akatikisa kichwa. "Amekula firigisi kwa ile boma. Atasema mama mbaya aje?" Muhula uliofuata mwalimu alihamishwa. Shosho alimtumia kuku mwingine, mzima, wa safari.

Wakati ule nilifikiri Shosho alifanya hivyo kwa sababu ya dini, au mahindi. Baadaye nilimuuliza, akaniambia bila kuficha. Alisema mtoto mwenye sauti kama ile akiondoka harudi, na yeye alikuwa anazeeka. Alitaka sauti ibaki nyumbani. Basi ndivyo ilivyokuwa: aliipenda kuliko sisi sote. Nilimchukia zaidi baada ya kujua hilo.

Dada hakuimba tena. Si kanisani, si arusini, wala watoto wake hawakuwahi kubembelezwa kwa wimbo. Siku hizi ukipita upande wa Kwanza hutalitambua shamba letu, limegawanywa ploti kwa ploti, kisima kimefunikwa kwa zege na kila mtu ana bomba lake. Akina mama waliokuwa wakinyamaza pale kisimani wengi wamekwisha kufa, na waliobaki nikiwauliza wananiambia, ah, si kulikuwa na msichana fulani? Hakuna aliyemrekodi. Hatukuwa na simu za kurekodi. Sauti ile imebaki kwenye vichwa vichache, na mimi mwenyewe nimeanza kuisahau, najua tu kwamba ilikuwepo.

Shosho bado yuko hai. Macho yamemwacha kabisa, na redio haitaki, anasema inamtukana. Dada huja kutoka Kachibora kila Jumapili kumtunza. Humwosha, humkata kucha, humpondea viazi, na hakuna mzee anayetunzwa vizuri kuliko yeye pale kwetu. Jumapili iliyopita nilikuwepo. Tulikuwa tumemaliza kula, dada ameinama kwenye karai la vyombo, na Shosho ameketi kwenye kiti chake ameuelekeza uso jikoni.

"Mami," akasema akimwita dada, "niimbie ule wa Kitale. Ule ulikuwa unaimbia ng'ombe. Kidogo tu."

"Ndiyo, Shosho," dada akajibu kwa upole. "Nimalize tu hivi vyombo."

Akaosha sahani zote, akazipanga. Akasuuza vikombe. Karai likabaki tupu. Kisha nikamwona akinyoosha mkono, akatoa sahani moja safi pale alipozipanga, akairudisha majini, akaanza kuisugua. Akachukua na ya pili. Shosho hana macho, lakini masikio yake hayajapungua, na aliyeosha vyombo maisha yake yote anajua mlio wa sahani iliyo safi. Alisikiliza kitambo, mikono ikiwa mapajani.

"Sawa, mami," akasema. "Maliza."