Bango la Uyoga Kule Nyamasaria

Selpha Akello hakuwahi kusomea chuo kikuu, ila alifanya kazi ndani ya chuo kwa miaka ishirini na miwili. Huko Maseno alikuwa akiosha vyombo vya maabara na kukausha mimea katikati ya kurasa za magazeti, na kila jani lililopita mkononi mwake aliuliza jina lake. Alipostaafu alirudi kwake Nyamasaria na madaftari kumi na moja.

Ndipo matembezi yakaanza. Kila Jumamosi ya Oktoba na Novemba, mvua za vuli zikishalowesha ardhi, alituchukua sisi majirani, watu wanane au kumi, saa moja asubuhi, tukashuka mpaka kwenye mafunjo karibu na ziwa. Tulihesabu viota vya kwera. Kenge akitukatiza njia, tulisimama mpaka apite. Zaidi ya yote tulitazama uyoga, maana msimu huo huota kila mahali, na hapo Selpha hakuwa na mchezo.

"Huu wa kwenye kichuguu," alisema akifukua taratibu kwa kidole, "una mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwa mchwa. Huu tunakula. Ule mkubwa mweupe wa kwenye nyasi, wenye pete shingoni, uache. Ukizeeka, chini ya kofia unageuka kijani. Utatapika mpaka usahau jina lako."

Mwaka juzi alijiunga nasi Frankline, afisa wa shirika moja la mazingira la mjini. Alikuja Jumamosi nne. Alipiga picha kila kitu, akamwuliza Selpha maswali mengi, naye akayajibu yote bila kinyongo. Kisha hatukumwona tena. Mwaka jana, wiki ya kwanza ya Oktoba, tulikuta bango jipya la chuma lenye nembo ya shirika lake kwenye njia ya kushukia ziwani. Lilikuwa na picha za ndege, za mimea na za uyoga. Selpha alilisogelea, akavaa miwani, akasoma. Akaweka kidole kwenye picha moja.

Chini ya picha ya uyoga wenye pete shingoni waliandika: "Uyoga wa kuliwa."

Alimpigia simu Frankline palepale, sote tukisikia.

"Mama, hiyo kazi ilipitishwa na wataalamu wetu," Frankline alisema. "Na bango lishachapishwa."

"Wataalamu gani? Picha hizo ulipiga nikikushikia mwavuli! Mmezichanganya. Toeni hilo bango leo."

"Tutaliangalia, Mama."

Hawakuliangalia. Alipiga simu tena Jumatatu, akapiga tena Alhamisi. Alilifunika bango kwa gunia. Kesho yake gunia likatolewa na mtu wa shirika aliyekuja kupiga picha za ripoti. Selpha alizunguka nyumba kwa nyumba kuonya watu, lakini Nyamasaria inakua kila siku, wageni wanahamia, na angemfikia nani kwanza?

Waceke hakufikiwa. Huyu ni mama kutoka Nyeri, anayeuza nafaka kando ya barabara kuu, na hakuwa amekaa mtaani hata miezi miwili. Alichuma uyoga asubuhi ya Jumapili, akaulinganisha na picha kama mtu makini anavyofanya, akaupika. Kabla ya saa nane mchana yeye na mumewe Mureithi walikuwa hospitalini, wametundikiwa maji, hawawezi hata kukaa.

Selpha aliwatembelea jioni. Waceke akamwambia kwa sauti ndogo, "Lakini Mama, iliandikwa."

Jumatatu alfajiri Selpha alichukua jembe na mtaimbo. Alichimba peke yake, akang'oa bango na nguzo zake mbili, akalikokota mpaka nyumbani na kuliegemeza kwenye choo. Majirani walipomwuliza alijibu, "Nimelikamata."

Siku ya Jumatano akaitwa kwa naibu chifu, Mzee Oluoch. Shitaka: uharibifu wa mali. Tulijaa ofisi mpaka nje. Frankline alikuwa amevaa fulana yenye nembo ya shirika, na alizungumza vizuri sana kuhusu ushirikishwaji wa jamii.

Selpha alikuja na kapu. Zamu yake ilipofika, alilifungua. Alitoa uyoga mmoja mkubwa, mweupe, wenye pete shingoni, mbichi, akauweka mezani mbele ya Frankline. Kando yake akaweka sufuria ndogo, kitunguu na kiberiti.

"Bango lako linasema huu unaliwa," alisema. "Jiko liko nje. Pika, Bwana. Ule sisi tukikuona, halafu mimi nitaomba msamaha na kulirudisha bango kwa mikono yangu."

Frankline alicheka kidogo. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Mama, tusifike huko."

"Waceke alifika huko! Mureithi alifika huko! Nilikuambia mara tatu kwenye simu. Ungeniuliza swali moja tu kabla ya kuchapisha. Nilikuwa hapa, siendi popote. Mlikuja kunichota kama maji ya kisima, mkaenda kunikoroga mnavyotaka!"

Mzee Oluoch aliusogeza uyoga kwa ncha ya kalamu, akauchungulia chini. Ulikuwa umeanza ukijani. "Omera, ndugu yangu," akamwambia Frankline, "utakula ama hutakula?"

Hakula. Shitaka likaishia pale.

Bango jipya lilisimamishwa baada ya wiki tatu, kila picha ikiwa mahali pake. Pembeni limeandikwa "Utafiti na picha," kisha jina la Frankline. Jina la Selpha halipo. Gharama ya hospitali Waceke na Mureithi walijilipia, na hakuna aliyefika kuwapa pole kwa niaba ya shirika.

Mwezi wa tatu mwaka huu Frankline alipiga simu. Walitaka Selpha aje kuwafundisha wafanyakazi wao kutambua uyoga kabla ya mvua ndefu. Malipo hayakuwepo, alisema, ila chakula cha mchana kingekuwepo.

Sisi tulimwambia asiende. Alikaa na hasira siku nne, kisha akaenda, kwa sababu hao watu wataendelea kuweka mabango. Alifundisha kwa saa mbili akiwa amesimama, akawauliza maswali mmoja mmoja kama watoto wa darasa la tatu, na aliyekosea akamrudisha mwanzo. Chakula chao hakukigusa.