Mshono Unaopaswa Kukatika

Salvina, fundi cherehani wa Kwa Sadala, alikuwa na sharti moja ambalo hakumlegezea mteja yeyote: nguo ya mwanamke lazima iwe na mahali pa kukatika. Kola, mkanda, kamba ya pochi, popote ambapo mkono wa mtu mwingine unaweza kushika na kuvuta, alishona kwa uzi mwembamba wa pamba, ambao ukivutwa kwa nguvu unaachia. Kwingine kote alitumia uzi wa nailoni, na mishono hiyo ilidumu kuliko kitambaa chenyewe.

Sharti hilo alilitoa Mwika, kwenye kihamba cha mumewe, shamba la urithi la migomba na kahawa. Filemon alikuwa mtu wa kusali Jumapili na kupiga Jumatatu, na majirani walimheshimu kwa la kwanza wakanyamaza kwa la pili. Msimu mmoja wa kahawa, Salvina akiwa bado mwanamke kijana, alikuwa anazungusha mashine ya mkono ya kukoboa kahawa, amejifunga kitenge kifuani na kukaza fundo nyuma ya shingo. Filemon alirudi kutoka kilabuni akauliza kwa nini ng'ombe hawajapewa majani. Hakungoja jibu. Alishika lile fundo, akamwangusha chali, akamburuta kati ya migomba kama mtu anayeburuta gogo. Salvina alijaribu kufungua fundo mpaka kucha zikang'oka. Hereni yake ya duara ilinaswa kwenye kisiki, ikapasua ndewe ya sikio mpaka chini. Alipofika ukingoni mwa mfereji alikuwa haoni tena.

Kilichomwokoa hakikuwa mtu. Kitenge kilikuwa chakavu, kikapasuka. Filemon alianguka upande mmoja na kipande cha kitambaa mkononi, Salvina akaanguka upande mwingine, akavuka mfereji kwa magoti na kuondoka. Hakurudi kwa Filemon. Mtoto wake wa pekee, Pamela, alikuwa kwa bibi yake siku hiyo. Alimpitia, akambeba mgongoni, akashuka naye mpaka Kwa Sadala.

Tangu hapo aliangalia kila vazi kwa jicho la mtu aliyewahi kunyongwa nalo. Siku za soko, wanawake walileta nguo za mitumba azipunguze, na kila mmoja alisomewa somo lake kabla hajapimwa. Rasta ndefu zilizoachwa mgongoni ni kamba, alisema, zibane juu. Hereni za duara ni za kukaa mezani, si za kupanda pikipiki. Kiatu kisichoshika kisigino kitakuacha njiani siku unayokihitaji. Zipu ya mgongoni ni ya mwenye mtu wa kumfungulia, na huyo mtu uwe unamwamini. Mtandio tupia, usifunge. Kila sketi aliitia mfuko wa ndani, mdogo, wa ufunguo na simu, kwa sababu mwanamke anayetoka mbio hapati nafasi ya kutafuta pochi.

Walimcheka. Walimwita fundi wa vita. Hata hivyo walirudi.

Yuditha, muuza ndizi, alirudi siku moja amefura. "Dada Salvina, pochi yako imeniaibisha mjini!"

"Imekatika?"

"Imekatika! Vijana wawili kwenye pikipiki, wamevuta mara moja tu, wamekwenda nayo. Simu imo, kila kitu kimo."

"Na wewe umebaki."

"Si unaniona nimesimama hapa?"

"Basi imefanya kazi yake. Leta kitambaa nikushonee nyingine."

Yuditha aliketi, hasira ikamtoka, akasimulia lililofuata. Mbele kidogo vijana wale wale walimvuta mwanamke mwingine, aliyekuwa ameuvusha mkanda wa pochi kifuani, mkanda wa ngozi. Mkanda haukukatika. Walikwenda naye juu ya lami mpaka kwenye daraja dogo, na alipoachiwa mfupa wa bega ulikuwa umetokeza nje. Halafu watu wakamkamata mmoja wa vijana. Walimpiga kwa mawe na kwa vyuma vya ukingo wa duka, mpaka magoti yake yakapinda kwa nyuma.

"Na wewe ulipiga?" Salvina aliuliza.

"Jiwe moja tu."

Salvina alisimamisha cherehani. "Mimi nashona ili mtu asife, Yuditha. Wewe umetoka hapo ukaenda kutafuta maiti." Kisha akaendelea kushona.

Ni vizuri jambo moja lieleweke. Mwanamke hapigwi kwa sababu ya alichovaa. Anayepiga ndiye mwenye kosa, na ukimvisha mwanamke gunia atampiga ndani ya gunia. Salvina hakuwahi kumwambia mtu kwamba nguo itamzuia mwanaume mbaya. Alichosema ni kwamba mwanaume mbaya anahitaji mahali pa kushika, na si lazima umshonee.

Pamela alikua kati ya vipande vya vitambaa, akaanza kuimba kanisani tangu utotoni, sauti ya kwanza. Waumini waliokuja wamechelewa walisikia sauti hiyo wakiwa bado barabarani wakajua misa imefika wapi. Aliolewa na Fredy, mwongoza watalii mlimani, kijana mcheshi, mwenye Kiingereza kizuri na buti kubwa. Waliishi Moshi mjini, karibu na hospitali ya Mawenzi. Miaka ya kwanza Salvina hakuona kitu. Baadaye aliona binti yake anaomba mikono mirefu wakati wa joto, na fundi hahitaji kuelezwa maana ya mikono mirefu wakati wa joto.

"Anakupiga," alisema, mdomoni ana pini.

"Mama, ni siku akitoka mlimani tu. Anakuwa amechoka."

"Punda pia anachoka."

Hakuweza kumtoa kwa nguvu. Alichoweza ni kushona, na alimshonea kila blauzi kwa uzi wa pamba kwenye kola, kila sketi pana na mfuko wake wa ndani. Usiku mmoja wa mwezi wa Agosti Fredy alimpiga Pamela teke la mdomo, jino likatoka, akamdaka kola amrudishe chini. Kola ilibaki mkononi mwake. Pamela alikuwa ameshatoka mlangoni, na ufunguo wa geti ulikuwa kwenye mfuko wa sketi. Kulipokucha alikuwa Kwa Sadala, kwenye kitanda cha mama yake, uso umevimba kama unga uliochachuka.

Kama mambo yangeishia hapo, kusingekuwa na la kuandika. Lakini Fredy alileta isale.

Kila aliyelelewa kwenye mlima huu anajua uzito wa jani hilo. Mkosaji akija na isale amejishusha mpaka chini kabisa, na aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa. Akikataa, lolote baya litakalofuata kwenye ukoo ni lake. Ni desturi iliyozuia watu wengi kuuana. Ni desturi njema. Ubaya ni kwamba haina kipimo cha mara ngapi, na hili lilikuwa la tatu kutoka kwa Fredy.

Walikutana Mwika, kwa Valerian, kaka mkubwa wa Salvina na msemaji wa ukoo. Fredy alipiga magoti, jani mkononi.

"Shikamoo mama. Nimekosa. Ni shetani tu."

"Marahaba. Huyo shetani alivaa buti zako?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, Valerian akakohoa kwa ukali. "Salvina, isale limeshaingia ndani ya nyumba. Unajua maana yake."

"Najua. Na jino la mtoto limetoka nje ya mdomo. Hilo nalo unajua maana yake?"

"Usiongee hivyo mbele ya wageni. Mwanaume akijishusha asikanyagwe."

Isale likapokelewa. Ndipo Fredy akatoa kitenge kipya, kizito, cha rangi ya kahawia na dhahabu, akamwonyesha mama mkwe wake picha kwenye simu. Gauni lilibana kutoka kifuani mpaka chini ya magoti, bila mpasuo. Zipu mgongoni. Shingoni tai ndefu ya kitambaa hicho hicho, ya kufunga ua kubwa.

"Avae hili siku ya shukrani ya kupatanishwa kwetu," alisema. "Na lishone vizuri mama, tafadhali. Zile zako zinaachia ovyo. Watu wananicheka."

Salvina alimtazama usoni na akaelewa. Kijana huyu alikuwa hajasahau ile kola.

"Hili sishoni."

"Zawadi iliyokuja na isale ni sehemu ya isale," Valerian alisema. "Ukiikataa umekataa lote. Unataka ukoo uzike mtu kwa sababu ya gauni?"

Salvina alimgeukia binti yake, akitegemea hapo atapata msaada. Pamela alikuwa ameshika kitenge, anakipapasa.

"Shona tu, mama," alisema polepole. "Nimechoka kuvaa kama mtu anayekimbia."

Salvina alilikata na kulishona gauni lile. Mara ya kwanza alishona tai kwa uzi wa pamba, kwa siri. Pamela alipojaribu mbele ya kioo na kukaza ua, tai iliachia upande mmoja, ikaning'inia. Pamela alijaribu kuirudishia kwa vidole. Machozi yalimlenga. Mama yake alichukua gauni, akalitia mshono wa nailoni, akarudia juu yake mshono wa pili. Alijua anachofanya. Aliogopa ukoo, na aliona huruma mahali ambapo alipaswa kuwa mkali. Mambo hayo mawili yamewaharibia watoto wengi kwenye vihamba vyetu.

Shukrani ilifanyika Jumapili baada ya misa, kwa Valerian. Mbuzi walichinjwa, pombe ya mbege ikazunguka, wanakwaya wakaimba chini ya migomba. Pamela alikuwa amependeza kweli. Wanawake walimzunguka wakishika ua la shingoni na kumtania. "Aisee Pamela, leo umekuwa zawadi, umefungwa na utepe!" Alicheka, pengo la jino akiliziba kwa mkono. Kisha akaimba, na hata wachinjaji waliacha visu wakasikiliza. Ilikuwa mara ya mwisho.

Mwalimu wa kwaya alimpongeza, akamshika bega. Fredy aliliona hilo bega. Alikuwa amekunywa tangu misa ilipoisha. Alimwita mkewe nyuma ya zizi kama mtu anayetaka kuuliza jambo, na Pamela akaenda kwa hatua fupi fupi ambazo gauni lilimruhusu.

Salvina alisikia ng'ombe wanapiga kwato ukutani. Alipozunguka zizi, Fredy alikuwa ameizungushia tai mkononi mwake mara mbili, anamvuta Pamela ardhini kwenye samadi, huku anampiga mateke ya mbavuni kwa buti. Pamela alijaribu kusimama. Magoti hayakuachana, gauni lilimfunga miguu kama mbuzi wa kuchinjwa, akaanguka tena, uzito wake wote ukaning'inia shingoni. Macho yalikuwa yametoka. Hakuna sauti iliyotoka.

Salvina alishika tai kwa mikono miwili akavuta ikatike. Haikukatika. Alivuta tena, akaweka mguu ukutani akavuta kwa mgongo wake wote. Uzi ulishika, maana alikuwa fundi mzuri.

Wanaume walikuwa wamefika, wamesimama. Valerian alinyoosha mikono kuwazuia. "Taratibu, taratibu. Ni mtu na mkewe. Tumeshawapatanisha."

Salvina alimnyang'anya mchinjaji kisu, akarudi. Fredy alipokiona alikidaka kwa mkono mtupu, wakang'ang'ania makali, damu ya wote wawili ikatiririka kwenye kitenge. Kisu kilikata kiganja cha Fredy mpaka mfupa. Kilikata mishipa ya vidole viwili vya Salvina. Mwishoni kilifika kwenye tai, na kitambaa kikaachia. Ndipo wachinjaji wawili wakaona aibu, wakamrukia Fredy, wakamkalia.

Pamela alikuwa mweusi midomoni. Hospitalini walimtoboa shimo kooni apate kupumua. Gegedu la koo lilikuwa limepondwa, na daktari alieleza kwamba kitu kilichopondwa hivyo kinapona, lakini hakirudi kilivyokuwa.

Fredy alikwenda mahabusu, kisha akafungwa. Kabla ya hukumu jamaa zake walipanda tena kwa Valerian na isale, na Valerian akalishusha Kwa Sadala yeye mwenyewe. Alilikuta duka limejaa wateja.

"Salvina, dada yangu, usiniangushe. Pokea."

"Weka hapo mlangoni."

"Isale haliwekwi chini!"

"Basi rudi nalo. Mimi sipokei, na mtoto hapokei. Likitokea lolote kwenye ukoo, mseme ni la Salvina. Nimebeba mazito kuliko hilo."

Valerian aliondoka na jani lake. Hajamsalimu dada yake tangu siku hiyo, na kwenye misiba ya Mwika Salvina hukaa peke yake, mbali na benchi la ukoo.

Yupo bado Kwa Sadala. Pamela ndiye anayekanyaga cherehani sasa, kwa kuwa mama yake hawezi kupitisha uzi kwenye sindano. Wateja wakileta picha za magauni ya tai, Pamela hutikisa kichwa, na akibanwa sana hushusha mtandio uliotupwa shingoni, bila fundo, akawaonyesha kovu.

Sharti lilivunjwa mara moja tu, kwa gauni moja. Liligharimu vidole viwili vya Salvina, na sauti ya Pamela, ambaye sasa huongea kwa kunong'ona na hataimba tena.